Lugha ya Mke wa Yaqoub

Neno la kwanza alilolitamka Larasati baada ya kiharusi lilikuwa "salah." Alilitamka mara mbili, kwa sauti nzito kama ya mtu aliyezinduliwa usingizini, midomo imemwelemea upande mmoja, mkono wake wa kushoto ukipapasa shuka. Mumewe Yaqoub, aliyekuwa ameketi pembeni mwa kitanda tangu alfajiri, aliinuka akamshika bega.

"Anataka kusali," alimwambia mama yake.

Bi Tufaha, aliyekuwa akivuta uradi kwenye kiti cha wageni, machozi yalimtiririka. "Hata kauli imempotea, lakini sala haijampotea. Mtafutie jiwe atayamamu, mwanangu. Usimkawize."

Yaqoub alikwenda mpaka chumba cha kusalia cha hospitali, akaazima jiwe. Aliuchukua mkono wa mkewe akaugusisha juu yake, kisha akampangusa uso kwa upole, kama anavyopanguswa mtoto. Larasati aliukwapua mkono. Macho yake, nyuma ya miwani aliyovishwa asubuhi ile, yalikuwa yamejaa maji na ghadhabu.

"Salah," alisema tena. "Salah. Kacamata."

"Hilo la pili ndo nini?" Bi Tufaha aliuliza.

"Sijui, mama."

Ndipo alipoingia Maram, binti yao, bado amevaa sare ya kliniki ya meno anakofanya kazi ya mapokezi. Alikisogelea kitanda, akainama. "Ibu," alisema. Yaqoub alishtuka. Hakuwahi kumsikia binti yake akimwita mama yake hivyo. Mbele yake siku zote alikuwa Mama. Wale wawili walisemezana polepole, na uso wa Larasati ukalegea. Maram akamvua miwani, akaigeuzageuza mkononi.

"Kacamata ni miwani, Baba. Na hii ni ya Bibi."

"Niliikuta mezani."

"Haoni kitu. Na hasemi sala. Kwa kwao salah ni kosa. Anasema mmekosea, na nyinyi mnampaka jiwe usoni."

Bi Tufaha alinyoosha mkono kuchukua miwani yake, akaitia mfukoni.

Baadaye koridoni daktari aliwaeleza. Mtu mwenye lugha kadhaa, alisema, mara nyingine kiharusi humwachia moja tu, na mara nyingi ni ile ya utotoni. Kiswahili na Kiingereza cha mgonjwa wao vimezibwa. Kwa mazoezi huenda vikarudi kiasi, huenda visirudi.

"Kwa sasa zungumzeni naye kwa lugha yake," alisema. "Nyumbani mnazungumza, bila shaka?"

Yaqoub alitikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali dukani kwake mteja anapotaja rangi ya ngozi ya viti asiyokuwa nayo. Alikuwa amekaa na mwanamke yule miaka ishirini na saba. Katika lugha yake alijua kusema asante, na kwamba chakula ni kitamu.

*

Nyumba yao ilikuwa Satwa, huko Uarabuni, nyuma ya mtaa wa mafundi wa viti vya magari ambako Yaqoub naye alikuwa na duka lake. Nyumba ya kizamani, yenye ua mdogo, ambayo marehemu baba yake aliipanga zamani majirani wote walipokuwa watu wa Unguja. Bi harusi alipoletwa humo kutoka kwao Pekalongan, Indonesia, Bi Tufaha alimpokea kwa udi na halua, na kabla udi haujaisha akamweleza kwamba nyumba ile ina lugha yake. Hakusema kwa ubaya. Aliogopa wajukuu wasije wakakua hawajui kuzungumza naye, maana alikwisha kuwaona wajukuu wa jirani waliogeuka Waarabu na Wazungu ndani ya sebule za bibi zao. Basi Larasati alijifunza. Alikaa jikoni na mkwewe akaokota neno kwa neno, mpaka wageni kwenye simu wakawa wanadhani wanazungumza na mtu wa Mkunazini, Unguja.

Ni kwa Kiswahili hicho alikuja kufasiri vitabu vya kwao. Kwa miaka alibeba sanduku la riwaya za Kiindonesia toka maonyesho haya ya vitabu hadi yale, akifasiri kurasa za mfano bila malipo, akiwaandikia wachapishaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Abu Dhabi barua pepe ambazo nyingi hazikujibiwa. Meza yake ilikuwa na bendera ndogo. Watu walisimama, wakaiona bendera, wakamuuliza kama anaweza kuwapatia mtumishi wa ndani, na mshahara wao siku hizi ukoje. Larasati aliwajibu kwa adabu kwamba hapo ni pa vitabu. Wengine walimwomba radhi. Wengine waliacha namba ya simu, endapo atasikia.

Mwishowe ofisi moja ndogo ya uchapishaji huko Jumeirah Lake Towers ilimpa mkataba. Ilikuwa riwaya ya mwanamke wa Madura anayevuna chumvi, kazi ya mwandishi mmoja mzee asiyejulikana nje ya kwao, na wafadhili wa Jakarta walikubali kugharimia tafsiri. Larasati alikuwa amebakiza sura tatu alipoanguka jikoni, sufuria ya wali ikiwa motoni.

Sasa alirudi nyumbani na mkongojo. Mkono wa kulia ulining'inia. Maram alikuwa kazini mchana kutwa, na mchana huo ndio uliokuwa mrefu. Larasati alisema, Yaqoub hakuelewa, na kwa kuwa aliona uchungu kumwambia kila mara kwamba haelewi, alianza kuitikia. "Ndiyo, mke wangu. Ndiyo." Alimletea maji, mto, akamfungulia dirisha, akalifunga. Mara nyingine alibahatisha.

Siku moja Maram aliwahi kurudi, akawakuta ukumbini. Larasati alikuwa amemkazia mumewe macho, akamuuliza jambo kwa sauti ya upole.

"Ndiyo," Yaqoub alijibu. "Ndiyo, kabisa."

Larasati alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu atoke hospitali, kisha akageuza uso ukutani.

"Kasema nini?" Yaqoub alimuuliza bintiye.

Maram alisita. "Amekuuliza kama wewe ni mbuzi."

*

Taghreed, mwenye ile ofisi ya uchapishaji, alikuja kumtazama mgonjwa akiwa na kikapu cha matunda na tende. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto wa watu waliotoka Unguja kama wao, na alimbusu Bi Tufaha mkono kabla ya kuketi. Aliingia chumbani akakaa na Larasati kidogo, akimwambia kwa Kiswahili ugua pole, ugua pole, na Larasati akimtazama midomo. Alipotoka alikuwa amepauka.

"Ami Yaqoub," alisema walipobaki wawili ukumbini, "sikujua hali iko hivi."

"Ni kudura ya Mungu."

"Sasa mimi nimebanwa. Jakarta wanataka kitabu kiwe tayari kabla ya maonyesho. Wakikata msaada, hiki hakitoki, na vile viwili tulivyokubaliana vije baadaye ndo havitoki kabisa. Yuko kijana wa Nairobi, hodari. Yeye atazimalizia zile sura kutokana na tafsiri ya Kiingereza. Haitakuwa kama kazi ya mama Maram, lakini kitabu kitatoka."

"Na jina lake yeye?"

"Tutamshukuru mwanzoni mwa kitabu. Si unajua, jalada linataka mtu anayeweza kusimama mbele ya watu akakizungumza." Aliangalia mlango wa chumba. "Simvunjii heshima, Ami. Nimekaa naye pale ndani, hata jina langu hakulitaja."

Yaqoub alifikiri juu ya mwanamke aliyelala kule, ambaye asubuhi ile alishindwa kumweleza kwamba chai ina chumvi badala ya sukari. Aliona kwamba jambo la vitabu lilikuwa limekwisha, na kwamba kulimaliza bila kelele ndiyo huruma yenyewe. Akasaini kwa niaba yake pale palipohitajika. Akaleta kompyuta, Taghreed akanakili alichokuja kukichukua.

Larasati hakuambiwa. Alijua kesho yake, alipojikokota hadi mezani, akaiona kompyuta imegeuziwa upande wa mkono wa kulia. Akaiwasha kwa kidole cha kushoto, akaukuta ujumbe wa Taghreed, barua ya shukrani yenye maneno mazuri. Hakuweza kuusoma wote. Kiswahili kilikuwa kimekuwa kwake kama mtu anayemjua sura bila kumkumbuka jina. Lakini jina lake aliliona, na la Yaqoub, na nakala ya saini.

Maram alipofika jioni, mama yake alimshika mkono akasema kwa muda mrefu bila kupumzika. Maram alitoka chumbani akamkabili baba yake uani.

"Umekigawa kitabu chake."

"Nimekinusuru kitabu chake. Kisingetoka."

"Hukumuuliza."

"Ningemuulizaje, Maram? Na angenijibu vipi?"

"Kwa Kiindonesia, Baba. Ungeningoja mimi. Nilikuwa kliniki, sikuwa kaburini."

Bi Tufaha, aliyekuwa akipepeta mchele kibarazani, alisimamisha ungo. "Usimpandishie baba'ko sauti," alisema, lakini alisema bila nguvu.

Tangu siku ile Larasati alinyamaza. Si kwamba alishindwa. Alisema na Maram faragha, na kwenye simu alisema na dada yake wa Pekalongan. Mumewe alipoingia alinyamaza, na hakumtaka hata maji. Yaqoub, ambaye wiki nzima alikuwa akitamani apumzike na maneno asiyoyaelewa, aligundua kwamba kulikuwa na jambo zito kuliko hilo.

*

Kulikuwa na nakala ya karatasi. Larasati alikuwa na mazoea ya kuchapa kila sura na kuisahihisha kwa kalamu. Yaqoub aliipeleka dukani, akawa anaisoma wateja wanapopungua, ameketi juu ya kiti cha mbele cha gari ambacho mwenyewe hajakuja kukichukua.

Yeye si msomaji wa vitabu. Alidhani atachoka. Lakini ukurasa wa pili alikutana na neno majaruba, yale majaruba ya chumvi ambamo maji ya bahari huachwa yakauke, na aliisikia sauti ya mama yake akisimulia majaruba ya mpunga ya Cheju, kwao Unguja. Mbele kidogo mama wa kwenye riwaya alimkaripia bintiye kwa maneno yale yale ambayo Bi Tufaha humkaripia Maram. Mwanamke wa Madura, ambaye Yaqoub hangeweza hata kukionyesha kisiwa chake kwenye ramani, alikuwa akizungumza kama shangazi yake. Alisoma mpaka fundi wake akaja kumuuliza kama dari ya lile gari jeupe ikatwe au isikatwe, akamwambia asubiri.

Alipofika mwisho wa zile kurasa, mume wa yule mvuna chumvi alikuwa amekwenda kufanya kazi Malaysia, hajulikani aliko, na mvua inatishia kuyeyusha mavuno. Hapo karatasi ziliishia. Pembeni Larasati alikuwa ameandika kwa kalamu jambo fulani kwa lugha yake, na Yaqoub aliukodolea macho ule mwandiko aujuao vizuri asielewe hata herufi zimekusudia nini.

Siku ya pili alikwenda Jumeirah Lake Towers. Hakubadilisha nguo, suruali ilikuwa na gundi magotini. Kwenye mapokezi ya mnara alimkuta mlinzi, dada wa Kiganda, kitambulisho chake kimeandikwa Justine.

"Wa mizigo wanapita nyuma, mzee."

"Mimi si wa mizigo. Nakwenda kwa Bibi Taghreed, wa vitabu."

"Uko na miadi?"

"Sina."

Justine alipiga simu, akasikiliza. "Madam ako kwa mkutano. Anasema ungoje." Akamwangalia magoti. "Usikalie hiyo sofa nyeupe, tafadhali. Wananilaumu mimi." Akamletea kiti chake mwenyewe. Yaqoub alikikalia, naye yule dada akasimama, mpaka Yaqoub alipoitwa.

Taghreed hakuwa na hasira, na hilo lilizidi kumfanya Yaqoub aone haya. Alimwagizia kahawa.

"Ami, ulisaini mwenyewe."

"Nilisaini kitu kisicho changu."

"Sasa unataka niseme nini? Kijana wa Nairobi amekwisha maliza sura mbili, na zimelipiwa. Siwezi kumwambia azirudishe."

"Zilikuwa tatu."

"Ya mwisho hajaianza."

"Basi hiyo."

Taghreed alikiweka kikombe. "Nani ataifasiri? Wewe hujui Kiindonesia. Maram Kiswahili chake ni cha simu, usinikasirikie. Na mama Maram, Mungu amponye, Kiswahili hana."

"Yeye anakijua kitabu. Maram atanambia anachosema mama yake. Kiswahili ninacho mimi, na kisichokuwa kwangu kiko kwa mama yangu. Ukitutia chumba kimoja, kila kitu kipo."

"Hivyo sivyo kazi inavyofanywa."

"Najua. Na mimi sikuja hapa kwa kuwa ni vizuri hivyo. Nimekuja kwa kuwa mke wangu hasemi na mimi."

Taghreed aliangalia dirishani, kule chini kwenye maji ya ziwa la kuchimbwa na watu wanaokunywa kahawa kando yake. Alipogeuka alisema, "Mwisho wa mwezi. Ikiwa mbaya, nampa kijana. Baada ya hapo, khalas, usije tena."

*

Larasati hakukubali siku ile ile. Maram alimweleza, na alimsikiliza bila kumtazama Yaqoub. Akauliza swali moja.

"Anauliza kama utamsikiliza mpaka mwisho, au utakuwa unaitikia tu."

"Mwambie nitamsikiliza."

"Mwambie mwenyewe. Sema: aku dengar."

Yaqoub alisema. Alisema vibaya, na Larasati alimrekebisha kwa ukali, akamrudisha mara ya pili na ya tatu mpaka lilipomtoka sawasawa. Kisha akakivuta kitabu.

Walifanya kazi alasiri, Maram akitoka kliniki, wakati jua linapopungua ukali uani. Larasati alisoma sentensi kwa lugha ya asili, taratibu, mara nyingine akikwama hata humo. Maram aliimwaga kwa Kiswahili chake cha haraka. Yaqoub aliipanga, akaiandika, akaisoma kwa sauti. Larasati alisikiliza ule mlio. Kiswahili kilimkataa mdomoni, lakini sikio lake lilikuwa halijakipoteza chote. Alijua sentensi inapochechemea, na alipiga meza kwa kiganja. Yaqoub alirudia. Siku za mwanzo walimaliza aya chache, na walimaliza wamechoka na wamenuniana.

Katikati ya kazi Yaqoub alianza kuokota. Sabuni kwao ni sabun. Karatasi ni kertas, dunia ni dunia, bendera ni bendera. Kila alipolitambua moja alilirudia kwa furaha kama aliyeokota sarafu njiani, na Larasati alimwangalia kwa uso usiosema kitu. Maneno mengine hayakufanana na chochote, na hayo ndiyo yalikuwa mengi.

Karibu na mwisho walikwama kabisa. Mume wa mvuna chumvi ametokea. Amesimama ukingoni mwa majaruba na begi mkononi, miaka imepita, na mkewe hakuacha kukusanya chumvi. Mkewe anamwambia maneno manne tu.

"Anasema, kwamba amefika, lakini si kufika kwa nyumbani," Maram alisema. "Wana maneno mawili. Datang ni kuja, yeyote anakuja. Pulang ni kuja kwako. Anamwambia umefanya hilo la kwanza, hukufanya la pili."

"Umewasili, lakini hapa si kwako," Yaqoub aliandika. Kiganja kikapiga meza. "Umefika kama mgeni." Meza. "Ujio wako si marejeo." Larasati alifumba macho kwa maumivu.

"Umekuja, hukurudi."

Alikuwa Bi Tufaha. Alikuwa amekaa kibarazani kwake, mgongo ameuegemeza ukutani, na siku zote hizo hakuna aliyejua kama anasikiliza.

"Nilipokwenda Unguja," alisema, "baada ya ile miaka yote, jirani zetu walitoka kunilaki. Kila mmoja akaniuliza, umekuja lini, Tufaha? Nilikaa mwezi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza umerudi lini." Akanyoosha kanga yake magotini. "Andika hivyo. Umekuja, hukurudi."

Maram hakuhitaji kulifasiri. Larasati alikuwa amefumbua macho, anamtazama mkwewe. "Betul," alisema, na kichwa chake kikasema ndivyo. Kisha alisema jambo jingine, refu kidogo, kwa sauti ya chini.

"Kasemaje?" Bi Tufaha aliuliza.

Maram alimgeukia bibi yake. "Anasema na yeye kwao wanamuuliza vivyo hivyo."

Bi Tufaha alisimama kwa taabu, akashika ukuta, akaingia jikoni, wakamsikia akiwasha jiko. Alirudi na chai, na kikombe cha kwanza akakiweka kwenye mkono wa kushoto wa Larasati, ule unaoshika.

*

Taghreed aliisoma ile sura akapiga simu, akasema ataichukua. Alisema kuna mahali panayumba na mahali ambapo ingempasa mtu mwingine aandike kitabu kizima ili apafikie. Jalada lilibaki na jina la mwandishi peke yake. Ndani, kwenye ukurasa wa pili, paliandikwa kwamba kimefasiriwa na Larasati, na chini yake kwa herufi za ukubwa ule ule jina la kijana wa Nairobi. Maram alitaka mama yake agombe. Larasati aliutazama ukurasa, akausugua kwa kidole gumba, akasema ameridhika na lile la chini pia, kwa kuwa kijana wa watu kafanya kazi.

Kitabu kilizinduliwa kwenye ukumbi mdogo, siku ya Jumapili. Mwandishi hakuweza kusafiri. Waalikwa walikuwa wachache, na viti vya mbele vilivyowekewa wageni rasmi vilikaa vitupu. Lakini nyuma walikuja wanawake wa Kiindonesia wanaofanya kazi majumbani, waliokuwa na mapumziko, waliopata habari kwa simu zao. Walikuja na vijaluba vya chakula na wakasimama ukutani. Kijana wa ukumbi aliwauliza kama wamefuatana na madamu zao. Taghreed alimsikia, akaenda mwenyewe kuwachukua akawaketisha mbele.

Larasati alizungumza kwa lugha yake, ameketi, Maram kando yake akifasiri. Alisema sentensi kama mbili za kawaida. Ya tatu, kabla Maram hajafungua mdomo, wale wanawake walicheka. Walicheka hasa, mmoja akajifunika uso kwa mtandio. Larasati akaongeza neno, wakacheka tena, na wengine wakaitikia kwa sauti. Tafsiri ilipofika haikumchekesha mtu. Ilikuwa kitu fulani juu ya mchele na mwanamume.

Yaqoub alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa akimjua mkewe kuwa mpole, msikivu, mwenye kusema kwa kipimo. Hakujua kwamba ni mcheshi. Aliwaangalia wale wanawake wageni wakimfurahia, naye akasikia kitu kama wivu, kisha kikazama chini zaidi na hakuwa na jina la kukipa.

Mpiga picha alimgusa mkono. "Mzee, samahani, sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

Akasogea.

Maram alibaki kusaidia kupanga viti, basi walirudi wawili tu garini. Jua bado lilikuwa juu. Barabara ya kuingilia Satwa ilikuwa imejaa, wakawa wanakwenda na kusimama. Yaqoub alikuwa amejiandaa sentensi tangu walipotoka.

"Kamu capek?" alimuuliza. Umechoka?

"Sedikit," alisema. Kidogo. Alimtazama upande kwa muda mrefu. Kisha akauliza, taratibu, akiyatenga maneno kama alivyokuwa akiyatenga mezani, "Kenapa baru sekarang?"

Kwa nini sasa tu, si zamani. Yaqoub alilielewa neno la kwanza, akalielewa la pili, na la tatu lilipofika swali zima likawa mbele yake, bila Maram wa kulisimamia katikati. Angeweza kuitikia ndiyo. Angeweza kumwambia arudie. Alifikiria mama yake na ile amri ya udi na halua, na akaona kwamba mama yake hakuwahi kukaa dukani naye, wala kuingia chumbani mwao kuwasikiliza wanazungumza nini. Miaka yote ile mlango ulifungwa, na ndani walikuwa yeye na mkewe tu.

Alitafuta katika maneno machache aliyokuwa nayo. Alilikuta moja, ambalo Larasati humwambia anapochelewa kumshika mkono kwa mazoezi.

"Malas," alisema. Uvivu.

Larasati hakumwambia "si kitu." Hakumshika bega. Aliigeukia barabara, akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeletewa jibu alilokwisha kulijua akataka tu kulisikia. Gari la mbele likasogea, nao wakasogea.

Kisha akaanza kusema. Alisema kwa lugha yake, polepole, juu ya mtaa wa kwao, au mto, au mtu aliyemjua karibu na mto. Yaqoub alidaka neno, akapoteza mengi, akadaka jingine. Hakuitikia. Alipunguza mwendo, akaacha magari ya nyuma yampite, ili wasifike nyumbani kabla hajamaliza.